Umefungua mlango wa gari mwenyewe na sasa loki imegoma? Anzia hapa

Wakuu, hapa Dodoma vumbi linatulisha sana sisi tunaoshughulika na milango ya magari. Kiangazi chote mpaka mvua zije kushika huko Desemba, gari inayolala Nkuhungu au Ihumwa inakula vumbi kupitia ule mpira wa kioo, linashuka ndani ya mlango linakaa kwenye loki, mwenye gari akisikia inakwaruza anajiambia aah hii naiweza, anang'oa paneli, lile kava la ndani la mlango, anamwagia oili chafu ya injini, anarudishia. Kesho yake anakuja mlango umefungwa na kamba ya mpira, ye mwenyewe anaingilia upande wa abiria anaruka gia kama mwizi.

Simcheki mtu, na mimi yamenikuta, ntasimulia. Ila ninachotaka ushike ni kwamba loki ikigoma baada ya wewe kuifungua, usikimbilie kuagiza nyingine Dar. Ilikua inafanya kazi juzi. Tafuta kwanza ulichosahau kurudisha.

Hatua ya 1: usibamize mlango

Kama bado uko wazi, uache wazi. Angalia pembeni ya mlango pale loki ilipo, utaona ulimi wa chuma kama kucha. Chukua bisibisi, usukume kuelekea ndani kama vile ndo unafunga mlango. Utasikia ko, halafu ko ya pili. Ya kwanza ni nusu, ya pili ndo umefunga kabisa. Sasa vuta hendeli ya nje, ulimi uachie. Sukuma tena, vuta hendeli ya ndani, uachie. Halafu uloki kwa kidude cha ndani, kwa ufunguo, kwa rimoti, kila mara hakikisha hendeli ya nje haifungui ikiwa imelokiwa. Dakika mbili tu, na ukikosa kimoja hapo umeshajua tatizo liko upande gani bila kujifungia.

Na kama mlango unagonga unarudi haufungi, mara nyingi ulimi umejifunga wakati ulipokua unachezea loki. Vuta hendeli, urudishe kwa bisibisi, kwisha habari.

Hatua ya 2: loki ya watoto

Hii ndo yangu sasa. Mlango wa nyuma kushoto wa IST yangu, nimesafisha loki vizuri nimepaka grisi nimefunga paneli, hendeli ya nje inafungua ya ndani haifungui. Nikafungua paneli tena, nikakagua kebo, iko sawa, nikafunga, bado. Nikafungua mara ya tatu, hapo klipu nne zimeshavunjika na jua linazama. Mtoto wa jirani alikua amesimama ananiangalia muda wote, akauliza, "Anko, hako kaswichi ka pembeni ni ka nini?" Kumbe ndo loki ya watoto yenyewe, ikiwashwa mlango haufunguki kwa ndani, na nilikua nimekasukuma na kitambaa wakati nafuta grisi. Kwaiyo kama ni mlango wa nyuma na haufunguki kwa ndani tu, angalia hapo kabla hujashika bisibisi.

Hatua ya 3: kebo na vijiti

Haya sasa ndo penyewe, matatizo mengi yako hapa. Ndani ya mlango hendeli zinaunganishwa na loki kwa kebo au vijiti vya chuma, inategemea gari, nyingine zina vyote. Kebo ina sehemu mbili za kukaa, kale kanundu ka mwisho kanaingia kwenye mkono wa loki, halafu lile ganda la nje lina mfereji wake linabanwa. Watu wanaingiza kanundu wanasahau ganda. Ukivuta hendeli utaona ganda lote linatembea na loki haisikii chochote, yani unavuta hewa.

Vijiti navyo vina vibanio vya plastiki vinavyozunguka. Kibanio kinaweza kuonekana kimekaa na kumbe kijiti kimeegemea tu hakijaingia kwenye mfereji wake, kitafanya kazi mara tano ya sita kinachomoka. Mimi nikishabana navuta kijiti kwa vidole viwili kwa nguvu kidogo, kikitoka ni bora kitoke hapo. Kama kibanio kimepasuka usifunge waya wa kuchomea badala yake, unabana sana kijiti kinashindwa kugeuka, tafuta kibanio hata cha gari iliyokatwa.

Kingine, usikunje kijiti. Kikipinda hata kidogo loki inakua kama imevutwa nusu muda wote.

Hatua ya 4: rimoti haifanyi ila ufunguo unafanya

Hapo chuma kiko sawa, shida ni umeme. Milango yote ikiwa kimya cheki fyuzi. Mmoja tu ndo kimya, rudi kwenye soketi ya loki, pale waya za umeme zinapochomekwa, isukume mpaka ilie ka!, nyingi zinakua zimeingia nusu. Bado? Weka taa ya testa kwenye zile waya mbili zinazokwenda kwenye mota inayoloki na kufungua, mwenzako abonyeze kuloki na kufungua. Taa ikiwaka mara moja ikazima kila akibonyeza, umeme unafika, mota ndo imechoka. Isipowaka kabisa, vua ule mpira wa mikunjo kati ya mlango na bodi, waya zinakatikaga humo kwa kukunjwa kila siku. Mota usiipe umeme wa betri moja kwa moja ukaushikilia, ni ya kugusa tu na kuachia, ukishikilia unaiunguza.

Umeshajifungia tayari?

Mmoja avute hendeli, mwingine asukume mlango kwa ndani kwa goti huku anabonyeza rimoti, mara nyingi unaachia. Ukikataa, sogeza siti mpaka mwisho, utoe paneli mlango ukiwa umefungwa hivyo hivyo, taratibu, halafu ingiza bisibisi ndefu usukume ule mkono wa loki uliokua unavutwa na kebo. Unatukana kidogo ila inawezekana.

Kabla ya kufunga paneli

Oili chafu ifute yote. Oili na vumbi la huku vinatengeneza udongo wa mfinyanzi ndani ya loki, miezi miwili umerudi palepale. Safisha na brashi ya meno na petroli kidogo, mbali na moto na ukiwa umechomoa betri, iache ikauke kabisa, kisha grisi nyeupe kidogo sana kwenye ulimi na mikono. Tundu la ufunguo usilipake grisi, unga wa grafaiti unatosha.

Halafu ile nailoni iliyobandikwa nyuma ya paneli, ambayo uliichana ukaona haina kazi. Maji ya mvua yanaingiaga ndani ya mlango kila siku, yanatokea kwenye vitundu vya chini, nailoni ndo inayazuia yasije ndani kwako. Irudishe, bandika kingo zote na gundi yake, zibua na vile vitundu vya chini kwa kijiti, utakuta vumbi limeganda humo kama saruji.

Baada ya hapo rudia ko, ko mara ya mwisho, ndo ufunge mlango.