Kabla ya kuandika maelezo ya picha, muonyeshe mwenye kazi

Mnaochagua picha za maonyesho au albamu: chapisha nakala ndogo za bei rahisi, zipeleke Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, mkabidhi mtu anayefanya kazi ile inayoonekana pichani, uliza tu, "Mama, hapa unaona nini?" Halafu nyamaza. Neno lake la kwanza liandike nyuma ya nakala. Inasaidia kwa sababu sisi tunatazama mwanga na mpangilio, yeye anasoma kazi. Chukua picha ya mitumbwi ya dagaa imelala ufukweni, mwezi mpevu, ziwa shwari. Wengi wetu tungeiita "Utulivu". Mvuvi ataona hela hakuna: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti vizuri, basi watu wanasubiri giza. Vivyo hivyo dagaa walioanikwa chini. Wewe unaona rangi ya fedha inayometa, muuzaji anaona mchanga utakaomshushia bei. (Na salamu kwanza, jamani. Usianze kwa kumchomekea picha usoni.)

Mbinu hii inagoma wapi?
1. Akiwemo mwenyewe pichani. Atatazama nywele zake tu.
2. Ukiwauliza wakiwa kundi. Akishasema mmoja, wengine wanaitikia.
3. Ukiuliza "Ni nzuri?" Utasifiwa, basi.
4. Picha ambazo uzito wake wote ni rangi na umbo. Machweo ya Bismarck Rock, lile jiwe maarufu la ziwani Mwanza, kwa mfano: utaambiwa "hilo jiwe la Bismarck", na amesema kweli.