Kuchukua Baa ya Bei Nafuu Mjini Bila Kuwapoteza Wateja Wake

Mtu aliyeishi Sinza, Mwananyamala, Tabata au Buguruni kwa miaka kadhaa huwa anaifahamu walau baa moja iliyokuwa ikijaa kila jioni, ikauzwa, ikapakwa rangi mpya, na kabla mwaka haujaisha ikabaki na viti vitupu na mhudumu anayechezea simu mlangoni. Jengo ni lilelile, na bia zinatoka viwanda vilevile. Kilichobadilika ni mwenye baa, ambaye mara nyingi alidhani amenunua kaunta, majokofu na leseni, ilhali sehemu kubwa ya fedha aliyotoa ilikuwa ni thamani ya mazoea ya watu mia moja au mia mbili ambao hakuwahi kuwauliza lolote. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayejiandaa kuchukua baa ya namna hiyo katika Dar es Salaam, au aliyekwisha kuichukua na anaona mauzo yanashuka.

Kabla ya kulipa kilemba (fedha ya kumpisha mpangaji anayetoka)

Kaa pale kama mteja kabla hujajitambulisha kama mnunuzi. Nenda katikati ya wiki na mwishoni mwa wiki, nenda baada ya mishahara kutoka na nenda tena katikati ya mwezi mifuko inapokuwa mikavu, kwa sababu baa ya bei nafuu inajulikana uzima wake katika tarehe ngumu. Jioni ya mechi ya Simba na Yanga usiihesabu, kwani siku hiyo hata baa mbovu hujaa. Angalia nani anakuja peke yake na nani anakuja na kundi, nani anakunywa bia ya moto na nani baridi, nani anakaa nje chini ya mti hata viti vya ndani vikiwa wazi. Andika yote hayo, maana ndiyo orodha halisi ya mali unayotaka kununua.

Mauzo usiyachukue kwa maneno ya muuzaji wala kwa daftari lake pekee. Omba kuona risiti za wakala wa jumla za miezi kadhaa, kisha fika asubuhi, wakati wa usafi, uhesabu chupa tupu zinazorudishwa kwenye kreti. Chupa zikilingana na risiti, na risiti zikilingana na daftari, endelea na mazungumzo. Zisipolingana, uliza tofauti inatoka wapi na usiridhike mpaka upate jibu.

Halafu uliza kila kitu ni cha nani. Majokofu yenye nembo ya bia kwa kawaida ni mali ya kampuni ya bia iliyoyaweka pale, na vivyo hivyo kwa baadhi ya meza, viti na mabango. Mnunuzi asiye makini hujikuta amelipia jokofu ambalo muuzaji hakuwa na haki ya kuliuza, na kampuni ikaja kulichukua pale oda zinapopungua. Kreti na chupa tupu, kwa upande wake, zina thamani ya fedha kwa sababu huwekewa dhamana, kwa hiyo zihesabiwe na ziandikwe kwenye mkataba. Jiko la nyama choma na chipsi nalo mara nyingi si la mwenye baa bali ni la mtu aliyelikodi. Zungumza naye mapema, kwa kuwa akihama na mishkaki yake, atahama na meza kadhaa za watu.

Leseni ya vileo iko chini ya Sheria ya Vileo Na. 28 ya mwaka 1968 na hutolewa kupitia halmashauri. Usikubali kuendesha baa kwa leseni yenye jina la mtu aliyekwisha kuondoka. Nenda ofisi ya biashara ya manispaa, ueleze kwamba umiliki unabadilika, ufuate utaratibu watakaokupa, na uangalie tarehe ya mwisho ya leseni iliyopo. Mwenye nyumba naye lazima ahusishwe. Kilemba unachomlipa mpangaji anayetoka hakikupi haki yoyote mbele ya mwenye nyumba, kwa hiyo mkataba mpya wa pango usainiwe kabla fedha haijatoka mkononi mwako, na uwe wa muda wa kutosha, tena wenye kifungu kinachotaja kodi itapandaje. Wapo wenye nyumba wanaosubiri uweke vigae ndipo wapandishe kodi. Kumbuka pia kwamba mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato (TRA), jambo ambalo wengi hulisahau mpaka wanapokaguliwa.

Wahudumu

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie, kwa sababu baa nyingi za bei nafuu huanza kufa siku mmiliki mpya anapowaondoa wahudumu wote na kuleta wengine vijana kutoka sehemu nyingine, akiamini kwamba sura mpya zitaleta wateja wapya. Katika baa ya aina hii mhudumu anabeba kumbukumbu ya biashara. Anajua kwamba mzee wa meza ya pembeni hapendi kuulizwa moto au baridi kwa sababu jibu lake halijabadilika kwa miaka mingi, anajua fundi yupi analipa Jumamosi baada ya kupata ujira wake, na anajua watu wawili ambao hawapaswi kukaa karibu. Katika baa nyingi mhudumu huichukua bia kaunta kwa fedha yake mwenyewe, kisha anakusanya malipo kwa mteja, na mteja akitoroka hasara inakuwa ya mhudumu. Kwa hiyo mkopo unaoonekana kama wa baa mara nyingi ni mkopo wa mhudumu, uliojengwa juu ya kuaminiana kwao. Ukimwondoa, deni linapotea na mdaiwa harudi, si kwa sababu hataki kulipa bali kwa sababu hamjui wa kumlipa.

Ongea na kila mmoja faraghani katika wiki ya kwanza. Waulize wanadaiwa nini na wanadai nini, wanalipwaje, na kitu gani wangependa kibaki kama kilivyo. Kisha weka ajira zao kwenye maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahusu baa kama inavyohusu kiwanda: saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki, kazi ya usiku kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5, na anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28. Mfanyakazi aliyetimiza mwaka, akiachishwa na mwajiri bila kosa lake, hulipwa kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mpaka miaka kumi. Mkataba wa mauziano useme wazi ni nani anayebeba malimbikizo ya nyuma, wewe au muuzaji. Mhudumu anayeona kwamba mwenye baa mpya anamlipa kwa wakati na kumlinda dhidi ya walevi wasumbufu atakutetea kwa wateja kuliko tangazo lolote.

Usibadilishe utaratibu wa meza kabla hujaelewa kazi yake. Mfano mmoja unatosha. Katika baa zetu nyingi chupa tupu huachwa mezani au chini ya meza mpaka mteja amalize, na chupa inayofunguliwa hufunguliwa mbele yake, kizibo kikawekwa tena juu ya mdomo wa chupa. Mmiliki mgeni ataona uchafu na kuagiza chupa zikusanywe haraka. Baada ya wiki moja ataanza kusikia ugomvi wa bili, kwa kuwa zile chupa zilikuwa ndiyo hesabu: mteja anaziona, mhudumu anaziona, na hakuna anayeweza kudai nne zikiwa tatu. Kizibo nacho kinazuia nzi, na ile sauti ya kufunguliwa inamhakikishia mnywaji kwamba hakuna kilichoongezwa ndani.

Bei

Tuseme bia moja inakufikia kwa shilingi 1,600 na baa imekuwa ikiiuza 2,000, yaani faida ni 400 kwa chupa. Ukiiuza 2,500 faida inakuwa 900. Kwa hesabu ya karatasi, chupa 45 za bei mpya zinakupa zaidi ya zile chupa 100 za zamani, na mmiliki mpya hujiambia kwamba hata akipoteza nusu ya wateja bado yuko juu. Hesabu hiyo ni sahihi kwa mwezi mmoja tu. Mteja wa baa hii haji na hamu ya chupa tatu. Anakuja na shilingi 6,000. Jana zilimpa bia tatu na saa mbili za mazungumzo, leo zinampa mbili, na elfu moja inabaki bila kazi. Hatalalamika. Atamaliza, ataaga, na kesho atavuka barabara. Marafiki zake, ambao wangeweza kulipa 2,500 bila shida, watamfuata kwa sababu walikuwa wakija kukaa naye. Nyama ya jikoni inaanza kulala, mwenye jiko anapunguza kilo anazonunua, mhudumu hapati chenji ya kuachiwa, na zile chupa 45 zinakuwa 30, kisha 20, huku kodi ya pango ikiwa palepale.

Kwa hiyo chagua bia mbili au tatu ambazo wateja wa kudumu wanazinywa, na bei zake usiziguse kwa muda wote wa miezi sita ya kwanza. Faida yako itafute kwenye vinywaji ambavyo hakuna anayevitumia kupima unafuu wa baa: mvinyo, pombe kali za chupa, vinywaji vya makopo. Tangu viroba, yaani vile vifuko vidogo vya plastiki vya pombe kali, vilipopigwa marufuku Machi 1, 2017, wapo watu ambao tegemeo lao ni toti (kipimo kidogo cha pombe kali) ya kaunta, na hao nao wanaijua bei yake kwa shilingi, hivyo toti ya kinywaji cha kawaida ibaki na kipimo kilekile na bei ileile. Ukilazimika kupandisha, pandisha wakati ambapo kila baa inapandisha, hasa pale ushuru mpya unapoanza na mwaka wa fedha Julai 1 na viwanda vikatangaza bei mpya. Bandika bei mapema ukutani na waambie wahudumu wawaeleze wateja kabla hawajaagiza, kwa maana mteja anayekutana na bei mpya kwenye bili huona ameibiwa.

Rangi, muziki na jirani

Vyoo vitengeneze mara moja, taa za nje pia, na maji yawepo wakati wote. Hayo hayamfukuzi mtu. Viti vya plastiki viache. Kuhusu muziki nina msimamo: baa ya bei nafuu ni mahali pa watu kuzungumza, na spika kubwa inawaondoa wazungumzaji ili kuwapisha vijana wanaokuja Ijumaa moja na kuhamia kwingine Ijumaa inayofuata. Zaidi ya hapo, kelele ni kosa chini ya kanuni za mazingira za mwaka 2015, na mwaka 2023 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lilizifungia baa na kumbi kadhaa kwa sababu hiyo. Jirani asiyelala atakwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na huyo ni mtu unayemhitaji awe upande wako leseni inapojadiliwa.

Ikiwa mambo yamekwisha kuharibika

Rudisha bei ya zamani ya zile bia mbili au tatu ndani ya wiki hiyohiyo, na usiiite ofa, kwa kuwa ofa ina mwisho na watu watasubiri iishe. Mtafute mhudumu aliyeondoka, umwombe arudi kwa masharti bora kuliko ya awali, naye atawapigia simu watu wake mwenyewe. Nenda kwenye baa walikohamia wateja wako, ununue bia, usikilize. Mara nyingi utaambiwa sababu ndogo sana: meza iliyohamishwa, televisheni iliyoelekezwa upande mwingine, mlinzi aliyemkaripia mtu mzima getini. Shughulikia hizo kwanza kabla ya kutumia fedha kwenye jambo kubwa. Usilete bendi wala mashindano ya unywaji, maana umati wa usiku mmoja utakudanganya kuhusu hali yako.

Kisha rudia hesabu ya chupa tupu kila asubuhi, ukilinganisha Jumatatu na Jumatatu, katikati ya mwezi na katikati ya mwezi. Ikiwa baada ya miezi mitatu namba ya siku za kawaida haijaanza kupanda, mweleze mwenye nyumba hali halisi na uombe kodi ipunguzwe au ilipwe kwa miezi mitatu mitatu. Akikataa, usilipe kodi ya mwaka wa pili. Toa notisi kwa mujibu wa mkataba, walipe wahudumu haki zao, rudisha majokofu ya kampuni kwa maandishi, na uuze kreti na chupa zako kwa anayehitaji.