Kumnunua na kumlea mtoto wa farasi wa dresaji, kutoka ubavuni mwa mama hadi tandiko la kwanza

Ukinunua mtoto wa farasi kwa ajili ya dresaji, yaani mchezo wa farasi kutekeleza miondoko maalumu akiongozwa na mpandaji, farasi utakayempanda bado hayupo. Utampanda akiwa na miaka mitatu na nusu au minne, na kanuni za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, hazimruhusu kuingia Grand Prix, ngazi ya juu kabisa, kabla ya miaka 8. Kabla ya hapo kuna malisho, kwato, chanjo na daktari wa mifugo, mwaka baada ya mwaka. Wengi huvutwa na bei ya mtoto, ambayo kweli huwa chini ya bei ya farasi aliyefunzwa, lakini gharama za malezi huimeza tofauti hiyo. Kuna sababu moja nzuri ya kununua mtoto: unapata ukoo ambao usingeumudu akishakua, na wewe ndiye unayeamua atakua vipi. Kama unataka kupanda mwaka huu, tafuta farasi mkubwa.

Mwongozo huu unahusu farasi wa damu vuguvugu, yaani Hanoverian, Oldenburg, Trakehner, KWPN (wa chama cha uzalishaji cha Uholanzi) na jamaa zao waliozalishwa kwa michezo.

Hatua ya 1: Mtazame mama kwanza

Matangazo huanza na jina la baba kwa herufi kubwa. Baba maarufu ana mamia ya watoto, wazuri na wa kawaida. Mama ndiye anayekueleza huyu mmoja atakuwaje, kwa hiyo uliza: amepandwa hadi kiwango gani? Watoto wake waliotangulia wako wapi, na bado ni wazima wa miguu? Mkaribie zizini. Anakuja kukunusa au anakugeuzia makalio? Mtoto hurithi tabia, kisha hujifunza nyingine kwa kumwiga mama huyo kila siku mpaka aachishwe kunyonya. Ikiwa kiinitete kilipandikizwa, aliyebeba mimba si mama wa damu, basi omba kuonyeshwa wote wawili.

Hatua ya 2: Tazama mwendo, na uwe na subira

Hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Mtoto akifukuzwa uwanjani kwa kelele na mifuko ya plastiki, mkia hupanda, mgongo hukaza, na troti yake, mwendo wa kukimbia wa mapigo mawili, huonekana kama inaelea. Hiyo ni hofu. Omba aachwe na mama yake kwenye ardhi tambarare, kisha subiri watulie. Mwendo wake wa kweli utauona anapomfuata mama bila kusukumwa.

Anza na kutembea. Lazima usikie mapigo manne yaliyo sawa, na kwato ya nyuma ikanyage mbele ya alama iliyoachwa na ya mbele. Mtoto anayetembea kwa kuhamisha miguu ya upande mmoja pamoja simnunui, hata akiwa mzuri namna gani, kwa sababu kasoro hiyo hukua zaidi mafunzo yanapokuwa magumu. Halafu tazama shoti ya taratibu: mapigo matatu yaliyo wazi, mguu wa nyuma ukiingia chini ya tumbo, mabega yakipanda. Mtoto anayechagua shoti mwenyewe, akageuka na kubadilisha miguu bila kujikwaa, ana usawa wa mwili usiofundishika kirahisi. Troti naiangalia mwisho. Mpanda farasi mwenye ujuzi huweza kuiboresha sana troti ya kawaida, ilhali kutembea na shoti hubaki karibu na vile farasi alivyozaliwa navyo.

Tazama pia anavyosimama baada ya kukimbia. Anayejibana nyuma, akakaa kidogo juu ya makalio na kusimama, tayari anafanya kile piaffe, yaani troti ya kukanyaga papo hapo, itakachomdai baadaye.

Kuhusu umbile: shingo itoke juu kifuani, bega lilale, mgongo usiwe mrefu mno, viungo vya nyuma viwe na pembe ya kutosha. Wafugaji wengi husema mtoto atazamwe akiwa na siku 3, wiki 3 na miezi 3, kisha asihukumiwe tena hadi miaka 3. Naukubali usemi huo. Akiwa na mwaka mmoja makalio huwa juu kuliko mabega na kichwa huonekana kikubwa kuliko mwili.

Hatua ya 3: Karatasi na afya kabla ya kulipa

Usilipe kwa neno la mdomo. Hakikisha ana pasipoti, chipu iliyo chini ya ngozi inasomeka na namba zake zinalingana na pasipoti, uzazi wake umethibitishwa kwa DNA, na ameandikishwa kwenye daftari la chama cha uzalishaji.

Uliza matokeo ya kipimo cha WFFS, ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi na viungo kuwa dhaifu kiasi kwamba mtoto mgonjwa haishi. Aliyebeba nakala moja tu ya jeni hiyo ni mzima na hupandwa kama kawaida. Hatari huja wawili wa namna hiyo wanapozaa pamoja, maana kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kutoa mtoto mgonjwa. Kwa anayenunua jike akitumaini kumzalisha siku moja, jibu hili lina uzito.

Daktari umtafute wewe mwenyewe, asiwe wa muuzaji. Asikilize moyo, aangalie macho, kitovu na mpangilio wa meno, na amtazame mtoto akitembea moja kwa moja. Miguu iliyopinda haiwezi kungoja: sehemu ya mfupa inayokua karibu na kifundo cha chini hufunga mapema sana, hivyo marekebisho hapo yana miezi miwili au mitatu ya kwanza tu, wakati goti la mbele hutoa nafasi ndefu zaidi.

Eksirei za mtoto mdogo zisomwe kwa tahadhari. Osteokondrosisi, ambapo gegedu ya kiungo haigeuki kuwa mfupa inavyopaswa, huweza kuonekana mapema kisha ikajiponya kabla ya mwaka mmoja. Mimi huziamini zaidi zile zinazopigwa kuanzia karibu na miaka miwili na nusu.

Jambo la mwisho la hatua hii ni kipimo cha kingamwili. Mtoto wa farasi huzaliwa karibu bila kinga yoyote, na huipata kwenye dang'a katika saa chache za kwanza. Mfugaji makini hupima damu ya mtoto anapofikisha takriban siku moja. Anayekuonyesha rekodi hiyo amewatunza vizuri mama na mtoto.

Kama bado ananyonya, andikeni nani anabeba hasara akiumia au kufa kabla hujamchukua, na bima inaanza lini.

Hatua ya 4: Kumwachisha na kumhamisha

Miezi mitano hadi sita ndiyo umri ninaoupendelea. Kwanza awe anakula vizuri nyasi na chakula chake mwenyewe. Usimtenge na mama, kumsafirisha na kumweka peke yake katika siku ile ile. Abaki na watoto wenzake aliowazoea, mama ndiye aondoke, na safari ifuate baadaye.

Huko anakokwenda lazima kuwe na wenzake wa rika lake, na ikiwezekana farasi mmoja mkubwa mwenye utulivu. Kwa hili sikubali mjadala. Mtoto aliyelelewa peke yake na binadamu hajui mipaka, na kwa binadamu pia huja na kwato na meno. Wenzake watamfundisha kwa siku moja adabu ambayo wewe ungehangaika nayo miezi.

Hatua ya 5: Lishe

Katika miezi sita tayari amefikia zaidi ya asilimia 80 ya kimo chake cha ukubwani. Mifupa inakimbia, na kosa la kawaida ni kuihimiza zaidi kwa nafaka. Wanga mwingi na unene huongeza hatari ya matatizo ya viungo. Mpe nyasi nzuri au nyasi kavu kwa wingi, pamoja na chakula kidogo cha farasi wanaokua chenye protini bora, shaba na zinki. Kalsiamu isiwe chini ya fosforasi, na uwiano wa karibu 2 kwa 1 hufaa. Pitisha kiganja ubavuni: mbavu uzihisi kirahisi bila kuziona zimechomoza.

Usimpe kamwe chakula cha ng'ombe au kuku. Baadhi yake kina monensin, na kiasi kidogo cha dawa hiyo huua farasi.

Hatua ya 6: Kwato, minyoo, chanjo

Kwato zipunguzwe kila wiki 4 hadi 6, na fundi yule yule azifuatilie. Watoto hushambuliwa sana na minyoo mikubwa ya duara, ambayo katika mashamba mengi imeshakuwa sugu kwa dawa ya minyoo ya ivermectin, hivyo mpango upangwe na daktari kwa kuhesabu mayai kwenye kinyesi. Chanjo ya pepopunda ni ya lazima, na tarehe ya kuanza hutegemea kama mama alichanjwa.

Hatua ya 7: Masomo mafupi ya mwaka wa kwanza na wa pili

Avae hatamu ya kamba, aongozwe kwa pande zote mbili, ainue miguu yote minne, aguswe masikio, apande trela na kushuka. Dakika kumi zinatosha, kisha arudi malishoni. Asifungwe kwa nguvu kabla hajajifunza kulegea anapovutwa, maana akijirusha nyuma anaweza kuumia shingo. Usimzungushe kwa kamba ndefu kwenye duara, kwa kuwa viungo vyake havijawa tayari kwa mzigo huo.

Dume usiyekusudia kumzalisha ahasiwe, kwa kawaida kati ya mwaka mmoja na miwili. Ndoto ya kuwa na dume la mbegu huwagharimu wengi miaka ya upweke wa farasi wao zizini. Valegro, farasi maarufu wa dresaji aliyezaliwa Uholanzi mwaka 2002, alikuwa amehasiwa aliposhinda dhahabu za Olimpiki London 2012 na Rio 2016.

Hatua ya 8: Tandiko

Kabla ya lijamu, meno yakaguliwe, kwani karibu na miaka miwili na nusu yale ya mbele huanza kubadilika na meno madogo ya mbwa mwitu huweza kugusana na chuma. Eksirei zipigwe sasa. Kuanzia miaka mitatu na nusu, mpande kwa wiki chache, dakika kumi na tano au ishirini, mistari mirefu na duara kubwa, mgongo ukiwa huru. Akishakubali mpandaji, akaenda mbele kwa hiari na kusimama, mrudishe malishoni kwa miezi michache. Uti wa mgongo haumalizi kukua kabla ya miaka mitano au zaidi, na sehemu ya mgongo iliyo nyuma ya tandiko ndiyo itakayokuonyesha kama ulikwenda haraka: ikianza kuzama au misuli kupungua, ondoa tandiko na umwite daktari kabla ya kupanda tena.