Jaribu Mwenyewe: Namna Mwili Unavyohisi Mguso, Sauti na Msawazo

Nafundisha baiolojia, na mada ya hisi naianza bila mchoro wowote ubaoni, kwa sababu mwili wenyewe ndio kifaa. Tafuta kibanio cha karatasi, mwenzako mmoja na kiti kinachozunguka.

Anza na ngozi. Kunja kibanio kiwe na umbo la U, ncha zake ziachane milimita 5. Mwenzako afumbe macho. Mguse taratibu kwenye kidole kwa ncha zote mbili kwa pamoja, umuulize anahisi ngapi. Atasema mbili. Mguse mgongoni vivyo hivyo, atasema moja. Huko huenda ukahitaji kuzipanua hadi karibu milimita 40 ndipo azitofautishe, ilhali kidoleni 2 au 3 zinatosha. Changanya mguso wa ncha moja na wa ncha mbili, la sivyo ataanza kubahatisha. Vidoleni vipokezi vya mguso vimesongamana, tena ubongo umevitengea eneo kubwa. Mgongoni viko mbalimbali.

Kusikia nako ni kuguswa, ila kinachogusa ni mtetemo. Ziba masikio kwa vidole, uvumishe sauti ukiwa umefumba mdomo. Sauti yako itakua badala ya kufifia, maana inapita kwenye mifupa ya fuvu mpaka kwenye koklea, sehemu ya sikio la ndani iliyojikunja kama konokono. Humo mna seli zenye vinywele, kama 15,000 kila sikio, nazo zikifa binadamu hazimwoti tena. Kwa hiyo usijaribu kusikia kwa kufungulia spika hadi mwisho. Kwa hilo sina mjadala.

Msawazo ndio ninaokaa nao muda mrefu zaidi, kwa kuwa ile milango mitano ya fahamu tuliyokaririshwa haiutaji kabisa. Shika kitabu mbele ya macho, utikise kichwa kama anayekataa jambo: maneno yanasomeka. Sasa tuliza kichwa, utikise kitabu kwa kasi ileile: maandishi yanavurugika. Kichwa kinapogeuka, mifereji mitatu ya nusu duara iliyo ndani ya sikio huupa ubongo habari, nao huyasukuma macho upande wa pili papo hapo. Kitabu kikitikiswa, mifereji haina habari. Macho hukifukuza yenyewe na kuchelewa.

Kisha kaa kwenye kile kiti, ufumbe macho, mwenzako akuzungushe polepole kwa mwendo usiobadilika. Baada ya muda utahisi umetulia, kwa sababu umajimaji wa kwenye mifereji umeshaufikia mwendo wa kichwa. Akisimamisha kiti, umajimaji unaendelea, nawe utaapa kwamba unazunguka kinyume.

Mwisho simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, kisha fumba macho. Utayumba. Kinachokushikilia sasa ni sikio la ndani pamoja na hisi za misuli, viungo na unyayo. Hisi hizo zinategemea protini iitwayo PIEZO2, iliyotambuliwa mwaka 2010 katika maabara ya Ardem Patapoutian, mmoja wa washindi wawili wa Nobeli ya tiba ya 2021. Waliozaliwa bila protini hiyo kufanya kazi hupata shida kubwa kusimama wakifumba macho.

Mwenye kizunguzungu cha mara kwa mara asikae kwenye kile kiti. Na sikio likipoteza usikivu ghafla, aende kwa daktari siku hiyohiyo, asisubiri lizibuke lenyewe.