Mkono wa mrushaji mdogo: hesabu mirusho, si ingi

Mapumziko ya mrushaji wa besiboli hupangwa kwa idadi ya mirusho aliyomrushia mpigaji. Ingi moja, yaani kipindi cha mchezo ambacho kila timu hupata zamu moja ya kupiga, yaweza kuwa na mirusho 9, nyingine 30.

Kwa watoto wa miaka 14 kushuka chini, mwongozo wa Pitch Smart wa Marekani uko hivi: mirusho 1–20, halazimiki kupumzika; 21–35, siku 1; 36–50, siku 2; 51–65, siku 3; 66 na kuendelea, siku 4. Zinahesabiwa siku kamili za kalenda. Aliyerusha 58 Jumamosi anapumzika Jumapili, Jumatatu na Jumanne, kisha anarudi Jumatano. Kikomo cha mirusho kwa siku ni 85 kwa miaka 11–12, na 95 kwa 13–14.

Hesabu huharibika zaidi mtoto anapochezea timu mbili, kila kocha akijua mirusho yake tu. Mzazi aweke daftari moja: tarehe, idadi, timu. Na tafadhali, msimtoe kwenye kurusha mkamweka kuwa mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji kudaka mirusho. Kila mpira anaurudisha kwa mkono uleule uliochoka.

Kwenye kiwiko na bega la mtoto bado kuna gegedu la ukuaji, dhaifu kuliko mfupa. Likivutwa kila siku bila kupona, huvimba na hata kuachana. Akilalamika maumivu, aache kurusha papo hapo, hata kama hesabu bado ni 12.

Kila mwaka apate angalau miezi 4 bila kurusha, 2 au 3 kati yake ikifuatana.