Bei kwa sauti, vibanda kwa picha
Unapokwenda Soko la Mwanjelwa, Mbeya, bila karatasi, rudia kimoyomoyo bei za viazi na maharage ulizopewa, lakini vibanda vya kupitia vione akilini kama picha ya njia. Kwa mujibu wa modeli ya wanasaikolojia Alan Baddeley na Graham Hitch ya mwaka 1974, kumbukumbu tendaji, yaani ile inayoshikilia taarifa kwa muda mfupi tunapozitumia, ina sehemu ya kuhifadhi sauti na nyingine ya kuhifadhi picha na mahali, nazo haziingiliani sana, ingawa zote husimamiwa na sehemu kuu yenye uwezo mdogo. Mbinu hii haifai kwa orodha ndefu, na huvurugika hasa wauzaji wanaponadi, kwani maneno yanayosikika huingilia yale unayoyarudia, hata usipoyajali.