Somo: Kulinda taarifa za wanafunzi, kuanzia kwenye grupu la wazazi

Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hapa Kenya iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Picha zile ziliwekwa na shule yenyewe. Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu: kabla ya kuhofia wadukuzi, tuangalie tunachokitoa nje kwa mikono yetu.

Hatua ya 1: Jua taarifa ziko wapi. Kaa na mwalimu mkuu, mhasibu na karani muorodheshe kila mahali: kabati la faili, kompyuta ya ofisi, Google Drive, kampuni inayowatumia wazazi SMS, simu za walimu wa darasa. Simu hizo husahaulika sana, na ndimo zilimo nyingi.

Hatua ya 2: Matokeo. Hapa ndipo tunapokosea kila muhula. Mwalimu anafungua faili ya Excel ya ofisi yenye jina, UPI (namba ya kumtambulisha mwanafunzi serikalini), alama, simu ya mzazi na salio la karo. Anaficha safu asizozitaka, anahifadhi, anatuma kwenye grupu la WhatsApp. Lakini safu iliyofichwa bado imo ndani ya faili. Mzazi akichagua safu za kushoto na kulia kwake kisha akabofya amri ya kufichua, deni la kila nyumba liko wazi mbele yake.

Fanya hivi: fungua faili mpya tupu, nakili safu unazozihitaji tu, uhifadhi kama PDF. Kisha mtumie kila mzazi matokeo ya mwanawe peke yake. Darasa la watoto hamsini linachosha, najua. Hata hivyo, mtoto aliyeshika mkia ana haki ya kutosomwa na grupu zima. Na mwenye deni la karo asitajwe humo kamwe, hata kwa herufi za mwanzo za jina lake.

Hatua ya 3: Picha. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka idhini ya mzazi au mlezi, na matumizi yenyewe yawe kwa manufaa ya mtoto. Fomu itenganishe mambo: Facebook ya shule, kalenda, kumbukumbu za ndani. Mzazi achague moja na kukataa jingine bila mwanawe kutengwa. Picha ya mtoto aliyevaa sare yenye beji, pamoja na jina lake, inamwambia mtu asiyemjua pa kumngojea saa za kwenda nyumbani.

Hatua ya 4: Nywila. Desemba 2024, aliyeingia katika mfumo wa PowerSchool, wa kuhifadhi taarifa za wanafunzi, unaotumiwa na shule nyingi za Marekani na Kanada, alitumia nywila ya kuibwa. Kampuni ilimlipa mdukuzi pesa alizodai, na bado Mei 2025 baadhi ya shule zikatumiwa vitisho vipya vya kudai pesa. Basi kila mtumishi awe na nywila yake, na uthibitishaji wa hatua mbili (nywila, kisha namba inayotumwa kwenye simu) uwashwe. Nywila moja ya ofisi nzima, iliyobandikwa ukutani, iondolewe leo.

Hatua ya 5: Futa. Katika shambulio hilohilo, bodi ya shule za Toronto ilikuta rekodi zilizoguswa zinarudi nyuma hadi 1985. Ambacho hakipo hakiibiwi. Yanayotakiwa kisheria yabaki, nakala za ziada zifutwe.

Maswali ya wanachama

*Mzazi, Kilifi: Asante mwalimu. Nilitia saini fomu ya picha mwezi wa Januari. Naweza kubadili nia?*

Ndiyo, mama. Unaweza kuondoa idhini wakati wowote. Waandikie shule, ubaki na nakala. Zilizochapishwa kabla hazigeuki kuwa kosa, ila una haki ya kuomba ziondolewe.

*Mwalimu, Dodoma: Na huku kwetu Tanzania?*

Mnayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hatua zote tano zinawafaa.

*Mwalimu wa Gredi ya 6: Natumia ChatGPT kuandika maoni ya ripoti. Kuna ubaya?*

Usiingize jina, UPI, ugonjwa wala habari za nyumbani. Andika "Mwanafunzi A", kisha majina uyaweke mwenyewe kwenye kompyuta yako. Habari ya mtoto aliyefiwa au anayetumia dawa isiingie humo hata bila jina, kwa maana darasani kwako anaweza kuwa ni mmoja tu.

*Mwalimu mkuu: Mwalimu wangu ameibiwa simu kwenye matatu, ina orodha ya darasa zima. Nianzie wapi?*

Pole sana, mkuu. Sasa hivi, kwa kompyuta, aondoe simu hiyo kwenye akaunti yake ya Google na kubadili nywila, kisha afunge laini. Andikeni ni taarifa zipi zilikuwemo na za watoto gani. Ikiwa simu haikuwa imefungwa kwa nywila na kuna hatari ya kweli kwa watoto, sheria inawapa saa 72 tangu mlipojua kumwarifu Kamishna. Wazazi nao waambiwe kwa maandishi, mapema.